Gemu Iliyolia Katika Kikapu cha Taulo

Mama yangu uliyelala Ekerenyo,

Ningekuandikia kwa siri kama kosa langu lingekuwa la siri. Lakini uliaibishwa mbele ya kanisa zima, kwa hiyo barua hii naiacha wazi, asome anayetaka. Mimi ni mwanao Onchari, mwalimu, mtu mzima ambaye upara umeanza kumnyemelea, na nina aibu.

Unakumbuka kile kimashine cha gemu nilichonunua Kisii mjini, mtumba, kinachofunguka katikati kama Biblia ndogo? Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, sijapata kazi, na kutwa nilikaa jikoni kwako nikimrusha kinyama mwenye buti nyekundu kutoka jiwe hadi jiwe. Wiki ya kwanza ulinisema mpaka ukachoka. "Onchari, mtu mzima hivi anacheza na vidole, na majani ya chai inakomaa shamba?" Wiki ya pili ukaketi kando yangu ukauliza huyo anakimbia nini. Wiki ya tatu ukaninyang'anya.

Ulimwita Mtoro. Haukuwa ule mchezo wa kwenda upande wa kulia tu. Dunia yake ilikuwa na mbele na nyuma, na ukiizungusha unauona mlima kutoka upande wa pili. Mimi nilikimbilia mbele. Wewe ulizunguka kila jiwe kabla ya kuruka, vile vile ulivyouzunguka mchai usiache jani, na huko nyuma ndiko zilikofichwa funguo nilizozikosa mwezi mzima. "Haraka ya nini? Zunguka kwanza." Mtoro akiruka, nawe unainuka na kiti. Akitumbukia shimoni unamwita Mungu wako kwa kelele, "Nyasae one!" hadi jirani anauliza ni nani ameumia. Nilicheka sana siku hizo, Mama. Nadhani ndizo siku nilizokujua vizuri.

Sheria yako ilikuwa moja. Ijumaa jua likikaribia kutua, Mtoro anapumzika mpaka Sabato iishe. Hukuwa na mzaha na jambo hilo, hasa kwa kuwa ulikuwa shemasi. Kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, wewe ndiye uliyefua taulo za kutawadhana miguu, ukazipanga kikapuni zikiwa nyeupe pepepe.

Ijumaa ile nilikuwa nimebakiza daraja moja tu la kuvuka. Jua lilikuwa limeshazama, wewe uko sebuleni unaimba kuikaribisha Sabato, nami niko jikoni nacheza, nyimbo zako zikinifunikia muziki wa Mtoro. Uliponiita kwenye sala nikakifunga kile kimashine harakaharaka na kukisukuma kikapuni, katikati ya taulo za kesho. Ukikifunga hakizimiki, kinasinzia tu, na ukikifungua kinaendelea pale pale. Nilijiambia nitakitoa baada ya sala. Nikasahau.

Kesho yake kanisani wanaume tulitangulia kumaliza kutawadhana chumbani mwetu, tukawa tumesimama karibu na mlango wa akina mama. Mama Bosibori, mwenzako wa kutawadhana miaka yote, alikuwa ameshatia miguu kwenye beseni. Ukavuta taulo. Kimashine kikaanguka, kikafunguka, na muziki ukalia chumba kizima. Akina mama wakaacha kuimba. Mzee wa kanisa akaingia, akakiokota.

"Hii kitu ni ya nani?"

Ulitazama mlangoni ukaniona. Ulijua jina langu liko mbele ya kamati ya uteuzi, niwe kiongozi wa vijana.

"Ni yangu," ukasema.

Neno moja tu lingetosha kutoka kwangu. Nikafyata ulimi.

Baraza la kanisa likakuvua ushemasi. Wiki mbili baadaye mimi nikachaguliwa, nawe ukaja kunipa mkono kama wengine. Tulipokuwa tukirudi nyumbani siku ile ya kikapu uliniuliza jambo moja tu: "Na hilo daraja, ulivuka?" Nikasema sijavuka. Hukukishika tena kile kimashine. Nikikuletea unasema macho yamechoka. Jina ndilo lililobaki. Hata kwenye kituo cha kuuzia majani walikutania, "Mama Gemu, leta kikapu tukague kwanza!" Ulicheka pamoja nao, na mimi nikajiambia kwamba mtu anayecheka haumii. Nilijua ni uongo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, Mama, na nzuri, ikanifikisha hadi kuwa mzee wa kanisa. Niliwafundisha vijana kusema kweli, nikiwa nimesimama juu ya mgongo wako. Hata siku ya mazishi yako mtu mmoja alisimulia kisa cha kikapu ili kuwachangamsha waombolezaji. Watu wakacheka. Nami nikacheka, jeneza lako likiwa hatua tatu kutoka nilipoketi. Nikikumbuka hilo nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu.

Sabato iliyopita zamu ya kuhubiri kabla ya kutawadhana ilikuwa yangu. Nilikuwa na hotuba iliyoandikwa, nikaikunja. Nikawaambia gemu ile ilikuwa yangu, niliicheza Sabato imeshaingia, nikaificha kwenye taulo, na Mama akabeba lawama. Hakuna aliyesema amina.

Baadaye Mama Bosibori, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, alinifuata nje.

"Mimi nilijua tangu siku ile," akasema. "Mama yako aliniambia nikimwosha miguu. Nikataka kusimama niseme, akanishika mkono. 'Wacha, Bosibori. Atasema mwenyewe.'"

Nikamuuliza kama uliwahi kunikatia tamaa.

"Ile nguo yake ya bluu, unaikumbuka? Alikuwa anaivaa siku zile wewe unahubiri tu. Ukimaliza ananiambia, 'Leo bado. Labda Sabato ijayo.'"

Mama, mimi nilidhani unaivaa kwa sababu unajivunia mwanao. Niliwaambia hata watu hivyo. Miaka tisa uliivaa ukikaa pale ukinisikiliza, ukingoja nifike kwenye neno lile, nami nafunga Biblia nateremka. Ulipofariki waliniuliza uvikwe nguo gani, nikasema bila kufikiri: ile ya bluu, ndiyo aliyoipenda.

Nimesema sasa. Lala mpaka parapanda ilie, na siku hiyo mimi ndiye nitakayetangulia kuinama nikuoshe miguu, kama utakubali kunipa.

Mwanao uliyemngoja,
Onchari