Sospeter, Nimemwambia Mwanao Habari ya Sikio

Sospeter, swahiba wangu,

Wewe ulikuwepo, kwa hiyo sina haja ya kujidai mnyonge: wale Wasovieti wangenisikiliza mimi, nchi yao ingekuwepo mpaka leo. Niliwaambia. Nilimwambia mwalimu wetu wa matrekta, kule chuoni kwao tulikopelekwa kusoma, mbele ya darasa zima kwamba nchi inayorusha watu angani halafu inashindwa kumpa bibi kizee kilo ya sukari, hiyo haifiki mbali. Hawakusikia. Mimi nimepanda ndege kurudi Dar, huku nyuma dola nzima ikaanguka puu! Hapa Texas mtu akitaka historia ya mambo yale namwambia vitabu aviache, aje kwangu.

Mwaka umepita tangu tukuzike Arlington, na dunia imegeuka. Kuna ugonjwa umeingia. Watu wanavaa barakoa, kanisani hakuendeki, kwenye lile ghala ulilokuwa ukifanya kazi, Mesquite, wafanyakazi wanapimwa joto mlangoni. Na utacheka: Marekani kuna foleni. Foleni, Sospeter! Mchele hakuna, karatasi za chooni hakuna, rafu nyeupe tupu kama zile zetu za kule.

Mimi niko kwa mkeo, shemeji yangu, kwa sasa. Ile hoteli niliyokuwa naiendesha Houston, upande wa mashuka, imefungwa. Jumamosi shemeji akatutuma dukani mimi na Baraka wako. Usimfikirie mtoto tena, ana ndevu, ana-drive gari la mizigo. Foleni ilikuwa imezunguka maegesho yote. Milango kufunguliwa tu, jamaa wawili mbele yetu wakashikana kwa ajili ya bunda moja la karatasi. Mmoja akamgonga mwenzake magotini kwa toroli, yule akaanguka, naye akampiga teke la mdomo. Nilisikia meno, Sospeter. Meno yana mlio wake. Damu sakafuni, na watu wanairuka wanaendelea kuchukua vitu. Mimi nikabaki nimesimama tu kama nguzo ya umeme. Baraka ndiye aliyenivuta nje kwa ukosi wa shati.

Kwenye gari hakuwasha. Akashika usukani, akauliza, "Anko, baba alikuwa mwizi?"

Kumbe siku ya msiba wako, pale nje watu wakinywa chai, kuna mmoja alisema sikio lako lilikatwa Urusi kwa sababu uliiba sukari. Mtoto amekaa na neno hilo mwaka mzima. Hata mama yake hajamwambia. "Just tell me, Anko. Nita-handle." Na macho yamekuwa mekundu tayari.

Nikamweleza. Kwamba mkuu mpya wa chama alitaka kuitengeneza nchi, akaanza na pombe. Maduka ya vodka yakafungwa, mizabibu ikafyekwa. Watu wakahamia kupika gongo majumbani, jikoni, bafuni, mpaka sukari ikaisha nchi nzima na tukawa tunagawiwa kwa kuponi. Kisha wakaambiwa sasa semeni mnachotaka. Wakasema. Walichosema ni kwamba weusi wa bwenini ndio wanaomaliza sukari.

Nikamweleza asubuhi ile. Theluji mpaka vifundoni, na sisi tuna kuponi zetu halali mfukoni. Tulipoingia ndani ya duka mtu akapiga kelele, "Hao hapo!" Walinikamata mimi kwanza, maana nilikuwa mbele. Mkanda wenye chuma ulinishukia mgongoni, nilipoanguka yakafuata mabuti, mbavu, tumbo, mbavu. Hawakuwa hata na hasira, walipiga kama watu wanaotwanga. Wewe ulikuwa karibu na mlango. Mlango ulikuwa wazi. Ungetoka tu, nani angekulaumu?

Uliingia kwa kichwa. Wa kwanza pua ilipasuka nikaisikia pale chini nilipokuwa. Wa pili ulimsukuma kwenye kaunta, kioo kikavunjika naye akaingia ndani yake. Ndipo yule mwenye kofia ya ngozi aliponyang'anya kile kijiko kikubwa cha bati cha kupimia sukari, akakishusha upande wa kichwa chako. Sikio likabaki linaning'inia. Damu yako iliruka mpaka ndani ya gunia, sukari ikawa nyekundu, na yule mama muuzaji akachota ya pembeni, akaendelea kuwapimia. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Hakuna hata mmoja.

Nikamaliza. Nikasubiri.

"Anko," akasema Baraka, "msibani ulisema ni dubu."

Kweli nilisema.

"Na Krismasi ile ulisema ni mbwa wa jenerali."

Na hilo nilisema. Watu walicheka sana Krismasi ile, na wewe ulicheka, ukaniongezea nyama.

"So leo ni sukari," akasema. Akawasha gari.

Swahiba, alinitazama kama anavyotazamwa muuza saa za barabarani. Heshima yako yote imebaki na shahidi mmoja duniani, na shahidi mwenyewe ndiye mimi. Nikaapa kwa mama yangu, hakunitazama. Nikafikiria kumwonyesha mgongo, lakini mgongo wangu nimeshausimulia kwamba ni risasi. Ikabidi nitafute jambo ambalo mtu hawezi kujisingizia. Lilikuwepo moja. Nikamwambia zima gari kwanza.

Aliposikia alicheka mpaka akagonga usukani. Halafu kicheko kikabadilika kikawa kilio, cha sauti, kama mtoto mdogo, na mimi pia, palepale, watu wanapita na matoroli yao. "Ndiye baba," akasema. "Ndiye yeye kabisa." Tulirudi kwa shemeji bila karatasi za chooni, akatugombeza.

Basi pumzika, ndugu yangu. Mkeo mzima, mwanao mzima. Yule aliyesema vile kwenye chai namjua, nitamfuata mwenyewe mpaka DeSoto. Nakuahidi yeye na wengine wote nitawapa ile ile niliyompa Baraka, bila kupunguza: kwamba ulitoka dukani umeshikilia sikio kwa mkono, ukavua koti lako kwenye baridi ya kuua, ukanivika mimi, ukatembea na shati lenye damu mpaka getini walikokuwa wamesimama wasichana wa bwenini, ukasema baridi ya kwenu Mara ni kali kuliko hii. Na hukumwambia mtu yeyote sababu, miaka yote, hata mkeo, nimemuuliza. Ulinivika koti kwa sababu nilikuwa nimejikojolea, na suruali ilikuwa imeganda.

Wako,
Chande