Mama, Ile "Ila" Uliyoimeza kwa Daktari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini mtoto wa Kimachame haanzi maneno na mama yake bila kumwamkia, hata kama mama mwenyewe amelala kihambani, shambani kwetu nyumbani, chini ya migomba miaka kumi na sita sasa. Nakuandikia kutoka Chekereni, kwenye nyumba ya walimu. Madaftari ya wanafunzi yako upande mmoja wa meza, mimi niko upande mwingine, na tumenuniana tangu mchana. Nimeshindwa kusahihisha hata moja. Naogopa, mama. Nimeliandika neno hilo mapema kabisa, maana najijua, nikiliacha mpaka mwisho sitaliandika.

Wiki iliyopita nilipokuwa naoga nilikuta kitu kwenye titi la kushoto. Ni kidogo kama punje ya kahawa, kigumu, na hakiumi. Mkono ulikitambua kabla ya kichwa. Nilisimama pale bafuni na povu mwilini mpaka maji yakapoa kwenye ndoo. Kesho asubuhi nakwenda hospitali mjini Moshi, na baba Upendo juzi nilimwambia nakwenda kutafuta sabuni. Kwa jinsi sabuni ilivyoadimika siku hizi hakushangaa, alichoniambia ni niwahi foleni.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la sita? Uhuru ulikuwa bado mchanga na kila mzazi alitaka mwanawe ajue Kiingereza, hata wewe ambaye Kiswahili chenyewe ulikuwa unakivaa Jumapili tu, na siku nyingine zote ni Kichagga. Mwalimu Elia alikuja darasani akasema leo tunajifunza neno moja tu. Akajikumbatia akatetemeka: baridi. Akashika tumbo: njaa. Akatoa meno yote nje: furaha. Akashika shavu akakunja uso: jino. Kila mara neno lilikuwa lile lile, "feel".

"Mkilijua hili moja," akasema, "hamtakosa la kumwambia daktari wala mchumba."

Wavulana wa nyuma walicheka mpaka mmoja wao akachapwa. Mwisho kabisa mwalimu alitoa macho, akarudi kinyumenyume hadi ubaoni, chaki ikamdondoka mkononi: woga. Huo tulimfanya aurudie mara nne kwa kujifanya hatujaelewa, kwa sababu tulipenda kumwona mtu mzima akiogopa. Wakati ule nilidhani ni kitu cha kuchekesha.

Nilirudi nyumbani mbio. Nilikukuta ukishusha mzigo wa majani ya ng'ombe, na kabla hujanyoosha mgongo nikaanza kukufundisha. Ulijaribu. "Ai fili," ukasema, kwa ulimi ule ule wa Machame. "Ai fili mzigo!" Tulicheka mpaka ng'ombe akageuka kututazama. Kisha ukaniuliza inakuwaje Wazungu wana neno moja kwa raha na kwa jino. Nikajifanya mwalimu, nikakwambia hata sisi ni hivyo hivyo, tunasikia njaa, tunasikia furaha, tunasikia maumivu.

Ukakaza kanga yako kiunoni. "Tunasikia," ukasema. "Ila hatutangazi."

Na kweli hukutangaza kitu maisha yako yote. Kwetu mtu akikuuliza hali, jibu ni nzuri. Nyumbani? Kuzuri. Watoto? Wazima. Ng'ombe, migomba, kazi? Tunamshukuru Mungu. Ukishapita huko kote kwa adabu, ndipo unaruhusiwa kusema "ila". Unamkumbuka mama yule wa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wetu, aliyekuja asubuhi kuchota maji huku nywele zake zinanuka moshi? Mliulizana habari hadi mkafika kwa mbuzi, zote njema, halafu akasema, "Ila nyumba imeungua." Wewe ukaweka ndoo chini, ukavua kanga ya juu ukampa. Anayejua kusalimia, mama, huwa anasubiri ile "ila". Nilijifunza hilo kwako kabla ya kujifunza kusoma.

Ndiyo maana siwezi kusingizia ujinga.

Miezi michache baada ya somo lile niliamka nikakukuta umeegemea ukuta wa jiko, mkono umeupitisha ndani ya gauni. Hukuniona. Uso wako ulikuwa uso wa Mwalimu Elia pale ubaoni, isipokuwa hakuna aliyecheka. Siku zilizofuata nikaanza kukuchunguza. Niliona unabeba mzigo upande mmoja. Niliona unafunga kanga juu zaidi, karibu na koo. Siku moja ukaniita chumbani, ukaviweka vidole vyangu kwapani kwako. Palikuwa na uvimbe. Ukashusha gauni ukaniambia kesho sitakwenda shule, nitakusindikiza hospitali ya misheni, kwa sababu daktari aliyekuja ni mgeni, hajui Kiswahili wala Kichagga, na mimi nina Kiingereza.

Usiku kucha sikulala vizuri, na sitakudanganya kwamba nilikuwa nakufikiria wewe tu. Nilikuwa namfikiria msichana wa jirani yetu. Mama yake alilazwa, yeye akaacha shule awaangalie wadogo zake kwa wiki moja, na wiki ile haijaisha mpaka leo. Mimi ndiye niliyekuwa msichana mkubwa nyumbani. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nifanye mtihani wa darasa la saba. Tulipokuwa tunateremka asubuhi kwenye utelezi, wewe mbele na mimi nyuma nikiwa na viatu mkononi nisivichafue, nilikuwa namwomba Mungu asikulaze. Sikuomba upone. Niliomba usilazwe. Nimeishi na tofauti hiyo muda mrefu.

Muuguzi aliyezoea kumtafsiria daktari alikuwa ameitwa kwa mama anayejifungua. Tukaingia sisi wawili. Mlango uliachwa wazi, na kwenye benchi la nje walikaa wanawake tunaosali nao kanisa moja, wamenyamaza kimya kama watu wanaosubiri mahubiri. Daktari alikuwa kijana, masikio mekundu, kalamu tayari mkononi. Akaniuliza mama anajisikiaje. Neno lilikuwemo, mama, lile lile neno langu! Nikakugeukia kwa majivuno nikakuuliza kwa Kichagga.

Ukasema, "Nzuri. Tunamshukuru Mungu."

Nikatafsiri. Anajisikia vizuri, nikamwambia, anamshukuru Mungu. Na yule daktari, ambaye kwao mtu akiulizwa hali anataja ugonjwa, akatabasamu akaandika. Sijui aliandika nini, ila niliona kalamu inakwenda.

Kisha ukavuta pumzi. Niliisikia. Ilikuwa ni pumzi ya mtu aliyemaliza adabu na sasa anafika kwenye habari yenyewe. "Ila" ilikuwa inakuja, nami niliijua kama ninavyoijua njia ya nyumbani. Ungefungua mdomo, ungelazwa, ningebaki na wadogo zangu na ng'ombe na jembe. Nilikutazama. Nilikutazama tu, macho yamenitoka, nimesimama na viatu vyangu vya shule. Nawe ukanitazama.

Ukafunga mdomo. Daktari akauliza kama kuna jingine, nikamjibu bila kukuuliza. Hakuna, nikasema. Akasikiliza kifua chako kupitia gauni, akatupa vidonge vya homa, tukatoka.

Njiani ulininunulia andazi. Ukanifuta sukari kidevuni kwa pembe ya kanga ukasema, "Umenisemea vizuri, mwanangu." Nililila lote. Hata leo sili maandazi, na watu wa huku wanadhani najivuna.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulianza kujikanda na majani. Halafu majani hayakutosha. Mimi nikawa ndiye nakata ya ng'ombe, asubuhi kabla ya shule, na mtihani nikaufanya, nikafaulu, nawe ukaimba kitandani pambio zima kwa sauti isiyofika mlangoni. Majirani walipokuja kukushusha hospitali kwa lori la kahawa, daktari alikuwa mwingine, mtu mzima, tena wa kwetu. Alikutazama, akatutazama sisi, akauliza kwa nini tumechelewa. Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sikufungua mdomo, mimi niliyekuwa na maneno ya lugha tatu.

Sasa mimi ni mwalimu. Nafundisha nini? Kiingereza! Kila mwaka nasimama mbele ya watoto wa wakulima wa mpunga, najikumbatia, nashika tumbo, natoa meno. Nikifika kwenye woga naruka. Nawaambia hilo mtalikuta wenyewe mbele ya safari.

Krismasi iliyopita tulipanda Machame kama kawaida, na nikakatiza peke yangu hadi kaburini kwako. Nilikuwa nimechuma jani la isale mpakani. Nililifunga fundo, kama wanavyofanya watu wetu wanapokwenda kuomba radhi, nikaliweka juu ya udongo. Sikujua kwamba shangazi, dada yake baba, alikuwa anakata majani nyuma ya migomba. Akatokea na mundu wake.

"Isale hupeleka mtu aliyekosa," akasema. "Wewe umemkosea nini mama yako?"

Nilimwamkia kwanza. Halafu nikamweleza yote, hapo hapo nimesimama, pumzi na andazi na yote. Sijawahi kumweleza mtu. Shangazi alisikiliza akiukuna mundu kwa kidole, nami nikasubiri anilaani.

"Mama yako aliniambia siku ile ile," akasema. "Alikuja kwangu jioni kuomba chumvi. Alisema maneno alikuwa nayo mdomoni. Akakutazama usoni, akaona mtoto amekwisha ogopa vya kutosha, akayameza. Nilimgombeza sana. Nikamwambia rudi kesho, nitakwenda nawe mimi. Akasema akirudi mtoto atajua kwamba alitafsiri vibaya." Akapangusa mundu kwa kanga. "Mlikuwa wapumbavu wawili mnapendana. Ondoa hilo jani, ng'ombe wangu atalila."

Sikuliondoa. Lakini tangu siku hiyo, mama, nimekukasirikia, na ni haki yako ulijue hilo. Miaka yote nilijihukumu mwenyewe, kumbe tulikuwa wawili. Ungesema! Ningeacha shule. Ningekuchukia mwezi mmoja, miwili, halafu ningezoea, na huenda leo ungekuwa umekaa hapa unanilaumu kwamba chai yangu haina maziwa. Ulinipa mtihani badala ya mama, wala hukuniuliza ninataka kipi. Na ungeniuliza, kwa uoga niliokuwa nao siku ile, najua ningejibu nini. Hapo ndipo hasira yangu huishia.

Halafu nikakuta punje hii.

Hospitali ya mjini siku hizi ina madaktari wetu. Ataniuliza kwa Kiswahili safi, najisikiaje, na hakutakuwa na mtoto katikati wa kubeba maneno yangu wala wa kuyaangusha. Najua nitakavyotaka kujibu. Mdomo wangu umejifunza kwako. Nimejaribu mbele ya kioo, nikajiuliza mwenyewe hali, na niliyemwona kwenye kioo akajibu nzuri, tunamshukuru Mungu, huku midomo imekauka. Naogopa kisu. Naogopa lile benchi. Naogopa kuambiwa nimechelewa. Zaidi namwogopa Upendo, ambaye ana miaka kumi na anajua kunitazama kama nilivyokutazama.

Jioni hii, kabla sijashika kalamu, aliingia na ndoo ya maji kichwani. Aliishusha, akafuta uso, akaniona nimekaa na madaftari yaliyofungwa.

"Mama, unajisikiaje?" akauliza. Ni mimi niliyemfundisha kuuliza hivyo.

"Nzuri," nikasema.

Nikavuta pumzi. Nilimtazama usoni. Alikuwa anaogopa, mama. Si kidogo, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia akaoshe vyombo. Nilitaka kumnunulia andazi. Nikafikiria jinsi ulivyoniona mimi, mdogo, na viatu vyangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ulichomeza kilikuwa kizito kiasi gani, maana kilikuwa hapa kooni kwangu na kilitaka kushuka.

Yeye hakwenda popote. Alisubiri. Meza hakuiachia, lakini alisubiri, kama mtu anayejua kusalimiana.

"Ila nini, mama?" akasema.

Nikaushika mkono wake, nikamwonyesha mahali penyewe. Tulilia wote wawili mpaka maharage yakaungua. Kesho nakwenda naye, si kunisemea, bali kukaa kwenye lile benchi. Baba Upendo nimemwambia pia. Ameshatafuta gari, na habari ya sabuni hakuigusa.

Lala, mama. Sijaacha kuogopa, ila nimetangaza.

Ni mimi, mwanao uliyenimezea maneno,
mama Upendo