Ushuhuda wa Jumapili

Alhamisi

Nilianguka kwa sababu nilichoka kusimama, basi. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na mchungaji alinishika kichwa akaomba mpaka magoti yakalegea. Nilipofumbua macho, mama alikuwa analia kwa furaha. "Ndaga Kyala," alisema, asante Mungu, na kanisa zima likapiga makofi.

Kabla hatujafika nyumbani Kawetele, kila tuliyekutana naye njiani alishaambiwa kwamba nimefunguliwa.

Sijafunguliwa. Kifua ni kizito kwa huzuni vilevile kama jana. Lakini mama hajafurahi hivi tangu nirudi kutoka chuoni nikiwa siwezi hata kuoga mwenyewe, na nilishindwa kumwambia.

Jioni, akimenya ndizi, akaniuliza, "Zile dawa za hospitali bado unazo?"

"Ninazo, mama."

"Za nini tena, mwanangu? Jumapili utasimama ushuhudie. Mtu hashuhudii uponyaji huku anameza vidonge."

Nikisema sijapona, nitaambiwa sina imani. Nikisema nimepona, nitaacha dawa, na ninajua nilikokuwa kabla ya kuzianza. Halafu Mungu ninamwamini. Naomba hata siku ambazo siwezi kuongea na mtu.

Leo kidonge nimekimezea chooni. Nilisali kwanza, kama tunavyosali kabla ya chakula.

Mama akagonga mlango, akauliza kama ninaumwa.

"Hapana, mama," nikasema. "Nimepona."