Breki Ngumu ya Gari la Baba

Miyuji, Dodoma

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na mvua ya Tukuyu bado inawafungia ndani? Huku tunaisikia redioni tu. Sisi wazima. Tumaini anaota meno, basi usiku ni wake na mchana ni wa ndoo za maji. Mwandiko ukipinda, ujue nimesinzia.

Nakuandikia habari za gari ulilotupa siku ya harusi. Nusura liende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Likitembea ni zuri, likisimama linatetemeka kama mwenye homa, kisha linazimika. Baba Tumaini alisafisha kabureta, akabadili plagi, wapi. Akaniambia, "Mke wangu, siku hizi magari ya Japani yanashuka bandarini kila leo. Hili tuliage." Mnunuzi akaambiwa aje Jumamosi. Nikasema sawa, ila kwanza fundi Masima alitazame, la sivyo mtanipakia na mimi humo humo.

Fundi Masima ni Mgogo wa Chamwino, mtu asiye na haraka. Aliliwasha, akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, nusu tu. Injini ikatulia.

"Linavuta hewa mahali pasipo pake," akasema. "Kabureta mnaionea bure." Kisha akanigeukia mimi na mtoto mgongoni. "Mama, breki yake ikoje?"

"Kama za magari yote. Ngumu."

"Yote?"

"Baba akifunga breki alikuwa anainuka kitini. Tulijua ndivyo gari linavyoendeshwa."

Alicheka mpaka akaweka plaizi chini. "Basi umeshanionyesha ugonjwa ulipo."

Akaubana ule mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kidude cha duara kinachosaidia breki. Mtetemo ukakoma palepale. Chini yake, upande usioonekana, palikuwa na ufa uliozungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na fundo ni lile lako la kufungia mikungu ya ndizi. Nililijua kabla hajaligusa. Jua la huku limeukausha ule ukanda, ukaachia.

Nilidhani atakusema. Akaugeuzageuza mkononi. "Enzi zile spea huioni hata ndotoni. Mzee kalifikisha gari mpaka leo kwa hiki? Mimi nisingeweza."

Baba Tumaini alikwenda mwenyewe mjini kununua mpira mpya, siku hizi umejaa madukani. Mnunuzi alipofika alinikuta nyuma ya usukani, nanyonyesha. Nikamwambia hapa hakuna chuma chakavu.

Krismasi tunakuja nalo, umwone mjukuu wako. Msalimie Mama, na shangazi aliyenifundisha kumbeba mtoto bila kulalamika, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie asome.

Baba, ulisema umeacha kuendesha kwa sababu ya goti. Breki sasa ni laini. Tukifika, funguo utashika wewe, sisi tutakaa nyuma. Usiinuke kitini tu. Kanyaga taratibu, litasimama.

Mwanao,
Atupele