Tundu Dogo Kuliko la Sindano

Jumanne

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi usimwambie mtu hata neno moja. Nitayasema mwenyewe.

Mashine ya kupulizia rangi ya hapa hotelini iliziba asubuhi. Ile ya zamani ilitumia upepo, na Fundi Bakari alizoea kuipangusa ncha kwa kidole. Hii mpya haina upepo. Pampu huisukuma rangi yenyewe kwa nguvu ya kutisha kupitia tundu dogo kuliko la sindano, na hata ukiizima, nguvu hubaki ndani ya mpira mpaka uifungulie itoke. Fundi aliizima, akapangusa bila kuifungulia; rangi ikafyatuka.

Kidoleni palibaki kitone tu. Hata damu hakuna.

"Karani, kwenye fomu ya ajali andika msumari," msimamizi akaniambia. "Mambo ya mashine mpya yataleta maswali."

"Mwanangu, nimechomwa na miiba ya samaki tangu utotoni," fundi akacheka. "Nipe plasta."

Nikaandika msumari.

Adhuhuri kidole kilikuwa kimevimba, cha kijivu, baridi. Ndipo nikakisoma kijitabu cha mashine, nilichokifungia kabatini kikiwa kipya: rangi ikipenya ngozini, mgonjwa apasuliwe mara moja. Mara moja. Na saa nne zilikuwa zimepita.

Daktari wa hospitali ya Msambweni, nilikomkimbiza, aliitazama fomu yangu. "Msumari gani huu uliojaza rangi mpaka kiganjani?"

Nikamwambia ukweli. Anasema huenda kidole kikakatwa.

Ukinitafuta, usiende ofisini. Niko benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Uniite taratibu, mke wa fundi ameketi kando yangu, ananishukuru kwa kumleta mumewe.