Cherehani Aliyoichagua Bibi Yenu

Wanangu, nampeleka bibi yenu kwake. Chakula kiko jikoni, kipasheni. Hiyo cherehani mezani ~~msiiguse~~ iguseni, ila mnawe mikono kwanza!

Asubuhi dukani mimi niliitamani ile ya bei mbaya, yenye mishono ya maua. Bibi akatoa mkobani kipande cha blanketi la viraka, pamba katikati, akamwambia muuzaji, "Shona hapa." Ya maua ikakwama. Hii ya bei nafuu, inayoshona mstari ulionyooka tu, ikapita bila kusita. Bibi yenu ana jicho, jamani!

Nilidhani anajinunulia. Kumbe! "Mikono yangu inatetemeka, mwanangu," akaniambia. "Mablanketi ya wajukuu sasa utashona wewe."

Nimeibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Mama