Kombi Iliyogoma na Mguu wa Wifi

Jumatatu, 9 Septemba

Huoni aibu? Miezi mitatu hujalifungua daftari hili. Panya wamekula pembe moja. Umri wote ulilia kwamba baba hakukupeleka shule, ukaja kufundishwa herufi na mke wa katekista ukiwa tayari na wajukuu, ukaapa utaandika kila wiki. Ulikuwa wapi, Ndalu? Anayelisoma ni mimi tu, basi najigombeza mwenyewe.

Nilikuwa mbugani. Chumvi haingoji mtu. Kiangazi hiki ardhi imetoa weupe mapema. Tunakwangua udongo, tunauchuja kwa maji, maji ya chumvi tunayaleta nyumbani kuchemsha, maana mbugani hakuna kuni. Yanakuja kwa kombi. Yona, mume wangu, ndiye mwenye gari. Ila macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo mimi nashika usukani na yeye anasikiliza injini.

Leo asubuhi nimezungusha ufunguo. Tik. Basi. Nikazungusha tena. Tik.

Yona amesema betri. Sawa.

Wifi yangu Mbeleje, dada yake Yona, amelala mchana kutwa. Mwiba wa mgunga ulimchoma mguu wiki tatu zilizopita, naye ana sukari. Kidonda hakinipendezi.

Jumanne, 10 Septemba

Muuguzi wa zahanati amekuja. Alifungua kitambaa, akafunga haraka, akanitoa nje. Anasema mguu huu ni wa kupelekwa mjini, tena si wa kusubiri. Kidole kidogo kimeanza weusi.

Zahanati haina gari. Tumejaribu kumpandisha wifi bodaboda. Hatua kumi, wifi akapiga yowe, kisha akamtukana dereva mpaka maskini akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Tukamshusha.

Muuguzi akasema kesho lori la matofali linapita kwenda Dodoma. Atamwomba dereva, tutandike godoro nyuma.

Yona akakataa. Akasema dada yake si tofali. Kesho kombi itawaka.

Ningeweza kusema neno. Niandike vizuri hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: nilinyamaza. Kombi ile imewapeleka hospitali wajawazito wa nusu ya kijiji hiki. Imebeba maharusi, imebeba majeneza. Niliona aibu dada wa mwenye gari apite mbele za watu juu ya matofali. Nilikuwa na aibu hiyo hiyo ya Yona. Yeye aliisema tu.

Betri tumeipeleka dukani inakochajiwa kwa sola.

Jumatano, 11 Septemba

Betri imerudi imejaa. Taa za mbele zinawaka kali, zinaumiza macho mchana. Ufunguo: tik.

Yona amekaa kwenye kiti cha dereva kama mtu aliyesutwa. Anasema taa zikiwaka hivi betri si mgonjwa.

Lori limepita saa nne. Nililisikia tangu linashuka korongoni. Nilikuwa nachochea moto chini ya sufuria la chumvi. Sikuinua kichwa.

Jioni Saidi amefika kutoka mjini. Ni fundi wa Yona tangu zamani, mtu mzima mwenye mvi. Babu zake walikuja Dodoma na misafara ya biashara, hawakuondoka tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Salamu nyingine tutapeana gari likiwaka."

Akacheka. Akaingia chini. Akatoa stata, ile mota ya kuzungusha injini, akaisugua, akaifunga kwenye betri moja kwa moja pale chini kwenye mkeka wangu. Ikazunguka kama mashine ya kusaga. Nzima kabisa. Akairudisha mahali pake. Tik.

Hakucheka tena. Amesema basi ni swichi ya ufunguo. Atarudi nayo Ijumaa.

Nimemwosha wifi. Weusi umepanda kidole cha pili.

Alhamisi, 12 Septemba

Wanaume sita wamesukuma kombi. Mchanga ukameza magurudumu mpaka nusu. Tumekaa kuyachimbua kwa majembe, yakazama tena.

Chumba cha wifi kina harufu sasa. Nafukiza majani. Haisaidii.

Amesikia makelele ya kusukuma. Akaniita. "Wifi, gari la kaka yangu limegoma kama ulivyogoma wewe kupika ulipoolewa."

"Mimi nilipika. Ninyi ndio hamkuwa na meno."

Amecheka mpaka amelia. Halafu akalia tu.

Namwomba Mungu vibaya leo. Namwomba kwa kufoka.

Ijumaa, 13 Septemba

Leo nitaandika yote.

Saidi amekuja asubuhi na swichi mpya. Ameifunga. Tik. Akatupa bisibisi kwenye mchanga, akaenda kusimama mbali, ametupa mgongo.

Ndipo Yona akavua shati. Akasema, Saidi, njoo uzungushe ufunguo na uushikilie, usiuachie mpaka niseme. Akalala chali, akajisukuma chini ya gari kule nyuma kwenye injini. Haoni kitu mle. Anapapasa tu, kama mkunga.

Tik. Kimya. Halafu Yona akapiga kelele, akautoa mkono. Ameungua.

Kilichomuunguza ni ule waya mwembamba unaovutwa na pedali ya mafuta. Waya ambao kazi yake ni kuvutwa tu. Hauna umeme. Lakini ulikuwa wa moto, na mpira wake unafuka moshi.

Yona akaanza kueleza akiwa bado chini, na sauti yake imebadilika. Umeme ukiingia kwenye stata lazima urudi kwenye betri. Injini imekalia mipira, haiwezi kuurudisha yenyewe. Kuna mshipi wa waya uliosukwa, unatoka kwenye giaboksi unashika bodi ya gari. Umeme unarudi kwa mshipi ule. Mshipi ukikatika, umeme unatafuta kichochoro chochote. Umepita kwenye waya wa mafuta, na ule ni mwembamba, hauwezi mzigo.

Akaniambia, "Mama, lete tochi. Niambie unaona nini."

Nikalala kando yake kwenye mchanga, vikongwe wawili chini ya gari. Nikaona. Pale pa mshipi kuna kitu kijani, kimevimba kama mkate uliooza. Nikakigusa kikabomoka. Pembeni yake kumeganda weupe. Juu yake sakafu ina tundu la kupita ngumi.

Nikaweka kidole kwenye ulimi. Nilijua hata kabla ulimi haujaniambia.

Chumvi yangu.

Misimu mitatu ndoo zangu zinacheza na kumwagika mle ndani. Yona aliniambia, tandika turubai. Nikamjibu turubai ni la kuanikia chumvi, si la kulivika gari nguo. Nilimjibu hivyo mbele za watu, wakacheka, nikafurahi.

Saidi akakata kipande cha waya mnene, akakwangua kutu, akafunga kwa bolti huku na huku. Ugali usingeiva kwa muda ule. Akazungusha ufunguo. Kombi ikawaka mara ya kwanza, kwa sauti yake ile ile ya zamani.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Saidi ameendesha. Mimi nyuma nimeushika mguu kwa mikono miwili, kila shimo nalipokea mimi kwanza. Yona amekaa mbele. Tulipofika Zuzu, kwenye njia ya reli, treni ilikuwa inakatiza, tukasimama kungoja. Mabehewa hayaishi. Wifi akaniuliza, ni mangapi? Nikamwambia nyamaza, hata mimi yamenishinda.

Jumamosi, 14 Septemba

Wamekata. Chini ya goti.

Daktari ni mwanamke kijana, sauti ya upole. Ameniambia kama tungemleta Jumatano pengine vingeondoka vidole tu. Hakunisuta. Afadhali angenisuta, ningemjibu.

Jumatano. Lori la matofali.

Yona alikuwa amesimama nyuma yangu. Amesikia.

Jumatatu, 16 Septemba

Wifi ameamka vizuri, kichwa chake kizima. Nimemwambia yote. Turubai, tundu, chumvi. Nimemwambia na habari ya lori, kwamba lilikuwepo. Hakuwa anajua.

Akaniambia:

"Nimekula chumvi yako miaka arobaini, wifi. Na yenyewe imenila."

Kisha akageukia ukutani. Nilikaa pale mpaka muda wa wageni ukaisha. Hakugeuka.

Muuguzi wa hospitali ametuuliza kuhusu mguu. Wauteketeze, au ndugu wanauchukua? Nilidhani Yona atashindwa kujibu. Akasema, tunauchukua. Ukazikwe kwa mama yao. Mwili wa dada yake ukifika siku yake, uukute unangoja.

Tumeurudisha kwa kombi, umefungwa kwenye kitenge changu kizuri, kile cha Pasaka. Saidi hakuwasha redio.

Jumanne, 17 Septemba

Yona amechimba mwenyewe, kwa kupapasa. Kaburi la mguu si refu. Alikataa kusaidiwa. Katekista alikuja akasoma kidogo, hakuwa na hakika asome nini.

Jirani mmoja akauliza kwa nini hatukumweka mgonjwa kwenye lori. Yona akamjibu, "Kwa sababu mimi ni mpumbavu." Nikasema, na mimi.

Tangu siku ya daktari sijamsikia Yona akisema neno kesho. Hata kwa mambo ya kawaida. Anasema jua likichomoza.

Namhurumia. Namkasirikia pia. Nampikia uji, nampiga bega nikimpa.

Alhamisi, 26 Septemba

Wifi yuko nyumbani. Kombi ilimleta, iliwaka vizuri kwenda na kurudi. Nilikuwa nimeiosha kwa maji ya kisima, sakafu yote, chini yote, mara tatu, mpaka nilipolamba kidole nikasikia ladha ya chuma tupu. Tundu Saidi ameliziba kwa bati. Ndoo zangu zimehamia kwenye mkokoteni wa punda.

Hajanisamehe. Amesema hivyo waziwazi, akiwa anakula mlenda niliompikia. Akasema pia hauna chumvi ya kutosha. Nikamwongezea. Tukatazamana.

Mchana aliuliza mguu ulipozikwa. Nikambeba mgongoni mpaka pale. Amepungua, ni mwepesi kama mzigo wa ufuta. Akatazama udongo, akasema mmeuelekeza vibaya, vidole vilikuwa vitazame nyumbani. Kisha akasema turudi, jua kali.

Yona yuko ndani ya kombi, milango wazi, hajaiwasha. Anashika usukani tu. Nimemwacha.

Ndalu, ukirudi kwenye daftari hili usikimbilie kalamu. Kwanza kamgeuze wifi ubavu wa pili. Halafu chukua tochi, ingia chini ya gari, uguse ule waya mpya. Ukiona umeanza ukijani, mwite Saidi saa ile ile. Na gari lolote likipita siku hiyo, hata la matofali, simama katikati ya njia ulizuie.